Nimelipia mwaka mzima huduma ya upepo wa baharini, na nipo Moshi

Watu wa Mbuyuni wameniuliza sana, mama wewe unakaa chini ya mlima, bahari yenyewe huioni, unalipia upepo wa baharini wa nini kila mwezi. Nimejibu kwa mdomo mpaka nimechoka, bora niandike mara moja anayetaka asome, na anayefanya biashara kama yangu aamue mwenyewe. Ninacholipia ni picha za simu zinazoonyesha upepo wa baharini uliopimwa na setilaiti.

Mi nauza vitunguu. Nachukua Mang'ola, napitia Arusha, Moshi nashusha kidogo kwa wateja wangu wa sokoni, mzigo mkubwa unateremka Same, Mombo, Korogwe, Segera mpaka Tanga, alafu unapanda boti kwenda Wete Pemba. Gari linatembea nchi kavu zaidi ya kilomita 500 bila shida, barabara naijua, dereva namjua, mizani naijua, lakini faida yangu yote inakuja kuamuliwa na kale kapande ka mwisho ka maji kati ya Tanga na Pemba. Siku bahari ikikataa, kitunguu kinakaa chini ya turubai kwenye joto la Tanga, na kitunguu ukikifunika kwenye joto kinatoa jasho, kinalainika shingoni, harufu inaanza, gunia moja likiharibika linavuta na majirani zake.

Hiyo ndo ilinipata Julai ya mwaka jana. Nilikuwa natumia programu moja ya bure kwenye simu, jina silitaji, inaonyesha ramani ya bahari na vimishale vinaelea vizuri, kijani ni shwari, ukiona rangi ya chungwa na nyekundu ujue kuna hatari. Siku mbili kabla ya kupakia niliangalia, kijani tupu. Nikapakia Fuso gunia 120. Kufika Tanga nahodha ananipigia, mama leo chombo hakitoki, kusi limekaza, na kesho mie sikuahidi. Tukalala siku tatu. Gunia 31 nikauza palepale Tanga kwa bei ya kutupa, 9 nikamwaga kabisa, hapo sijaweka posho ya dereva na gari la watu lililokuwa linanisubiri. Nililia, nasema ukweli wangu, maana sehemu ya mtaji ule ilikuwa ya kikundi.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba niliangalia kabla ya kupakia. Nilidhani nimeona bahari. Baadaye ndo nikaja kuelewa kuwa ile kijani ilikuwa utabiri, hesabu ya kompyuta ya siku zijazo, hakuna chombo chochote kilichokuwa kimeupima ule upepo, na ile ramani haikuwa na alama yoyote ya kunitenganishia kipi kimepimwa na kipi kimekadiriwa. Vimishale vilikuwa vinatembea kama video, nani angejua?

Sasa huduma yenyewe. Kuna kijana yuko Arusha karibu na soko la Kilombero, ana kachumba kamoja anatengeneza kompyuta na printa, na pembeni ndo anafanya hii kazi ya upepo. Namba yake siiweki hapa maana ni ya mtu binafsi, ukiulizia pale kwa wauza viazi wa jumla wanaopeleka mzigo Zanzibar watakuelekeza. Bei ni elfu 10 kwa mwezi, ukilipa miezi mitatu kwa pamoja elfu 25. Unalipa kwa simu anakuingiza kwenye orodha yake ya WhatsApp. Unachopata ni picha moja mchana na moja usiku, picha ya bahari kuanzia Mombasa mpaka Mtwara, ina mishale ya upepo uliopimwa na setilaiti, na juu kabisa kwa maandishi makubwa kaandika saa setilaiti ilipopita. Siku zingine unapata na mstari wa mawimbi. Alafu anatuma sauti ya kufafanua. Picha zenyewe haoni aibu kusema hazitengenezi yeye, data ni za bure, zinatolewa na taasisi za Ulaya ambao ndo wenye setilaiti, zinachakatwa na watu wa hali ya hewa wa Uholanzi, yeye anakata kipande cha kwetu, anakiweka kwa Kiswahili na kutufikishia. Kuna mtu aliniambia mbona unalipia kitu cha bure, nikamwambia na maji ya mlima ni ya bure lakini bomba tunalipia.

Siku ya kwanza nilienda mwenyewe nikamuona, sikutaka kutuma hela kwa mtu nisiyemjua sura. Nikamuuliza swali ambalo kila mtu analo, setilaiti iko juu kilomita 800 na kitu, mbali kuliko Moshi mpaka Dar, inauonaje upepo ambao hata mimi niliyesimama pale siuoni? Hakunijibu, akaenda nyuma akarudi na beseni la maji, akaliweka mezani, akasema mama puliza. Nikapuliza. Maji yakaingia vikunyanzi. Akasema puliza kwa nguvu, vikunyanzi vikaongezeka. Basi, setilaiti haiuoni upepo, inaona vikunyanzi.

Inavyofanya ni hivi, na nimemrudisha mara mbili mpaka nikaelewa. Setilaiti inatuma mawimbi ya rada chini, kwa pembeni, kwa mshazari, sio wima. Bahari ikiwa imetulia kama kioo, miale inagonga inateleza inaenda zake mbele, hairudi, ni kama kumulika tochi kwa mshazari kwenye kioo, mwanga unaenda ukutani haukurudii wewe. Bahari ikiwa na vikunyanzi vidogo vya sentimita chache tu, sio mawimbi makubwa ya kupindua boti, vile vidogo kabisa, sehemu ya miale inarudi kule ilikotoka. Rada yenyewe urefu wa wimbi lake ni sentimita 5 na kidogo ndo maana inaelewana na vikunyanzi vya saizi hiyo. Upepo ukiongezeka vikunyanzi vinaongezeka, kinachorudi kinaongezeka, basi wanapiga hesabu wanapata upepo wa kimo cha mita 10 juu ya maji. Na hivi vikunyanzi vina sifa moja nzuri sana, vinakuja na upepo na vinakufa haraka upepo ukikata, kwahiyo vinakuambia upepo wa saa hiyo, sio wa jana.

Mwelekeo wanaupataje? Setilaiti anazotumia zaidi zinaitwa Metop, na kifaa chake kinaitwa ASCAT, kina antena sita, tatu kila upande, moja inaangalia mbele, moja katikati, moja nyuma. Kipande kilekile cha bahari kinaangaliwa kutoka pande tatu tofauti ndani ya dakika chache, na kwa sababu vikunyanzi vimejipanga kufuata upepo, ukiviangalia kutoka huku na kutoka kule majibu hayafanani, kutofautiana kwenyewe ndo kunatoa mwelekeo. Kuna wakati hesabu inatoa majibu mawili yanayopingana, upepo unatoka huku au unatoka kinyume chake, inabidi wachague kwa kusaidiwa na utabiri. Kwetu hilo halinisumbui, mwezi wa saba ni kusi, upepo unatoka kusini, mtu akinionyesha mshale unaotoka kaskazini nitajua kuna kosa.

Hii teknolojia sio ya jana. Marekani walirusha Seasat mwaka 1978, ikaishi siku kama 100 tu umeme wake ukapiga shoti ikafa, lakini ndani ya hizo siku walishaona inawezekana kupima upepo wa bahari kutoka juu. Wakaja kurusha QuikSCAT mwaka 1999, hiyo ilifanya kazi mpaka Novemba 2009 dishi lake lilipogoma kuzunguka, miaka 10 na ushee. Metop ya kwanza ilienda 2006 nayo imeshastaafu, za sasa anazotumia ni Metop-B ya 2012 na Metop-C ya 2018. Nimeweka hii kwa sababu kuna ndugu yangu alisema hivi vitu ni vya kubahatisha vya vijana wa mtandaoni, hapana, ni kazi ya watu wengi kwa zaidi ya miaka 40.

Sasa niingie kwenye kitu ambacho kwangu ndo thamani yote ya huduma hii. Saa.

Metop inapita kwetu asubuhi na usiku, kila mara ni kwenye saa tatu na nusu ya jua, kwa saa zetu za ukutani inaangukia kati ya saa tatu na saa nne na nusu hivi, asubuhi hivyohivyo na usiku hivyohivyo. Kwahiyo picha ninayopokea mchana ni ushahidi wa asubuhi. Sio habari ya sasa hivi na sio habari ya kesho. Kijana kaandika juu, PIMO LA SAA 3:50 ASUBUHI, herufi kubwa nyekundu, na chini yake kama ameongeza utabiri anauweka kwa rangi ya kijivu na kuandika HII NI HESABU. Huwezi kuchanganya. Hicho kitu kidogo ndo kingeniokolea gunia 40, na sijaona programu nyingine niliyojaribu inayokifanya kwa uwazi huo. Utabiri nautumia, siukatai, na utabiri wenyewe unalishwa na hivihivi vipimo vya setilaiti, lakini mtu anayepakia mzigo unaooza anatakiwa ajue lipi limeonekana na lipi limekisiwa, ni haki yake kabisa.

Mfano ni Juni hii ya juzi. Utabiri wa simu ulisema mita 8 kwa sekunde, picha ya kijana ya asubuhi ikaonyesha mashariki ya Pemba imeshapimwa 12. Hapa niweke kitu, kijana anatumia mita kwa sekunde, mabaharia wanaongea noti, yaani maili za baharini kwa saa, we zidisha tu mara mbili unapata karibu sawa, 12 ni kama noti 23 au 24. Gari lilikuwa limeshapakiwa nusu. Nikamwambia dereva usiwashe, shusha, fungua turubai vitunguu vipate hewa. Siku mbili vilikaa hapa Moshi kwenye kivuli na baridi yetu, havikudhurika, na Tanga vyombo vidogo vililala. Siku ya tatu pimo la asubuhi likashuka 7, pimo la usiku 6, tukaondoka. Hakuna gunia lililoharibika.

Lakini sio kila kitu ni kizuri na nitasema.

Wiki ya kwanza nilitaka kurudishiwa hela yangu. Picha inafika, bahari ya nje yote imejaa mishale, mkondo wenyewe wa Pemba, pale ninapopita mimi, peupe! Hakuna mshale hata mmoja. Nikampigia kwa hasira, wewe kijana unaniuzia bahari ya Wasomali mi nataka ya Tanga. Akanijibu kwa upole, mama samahani, pale setilaiti haioni vizuri na sitaki kukuwekea uongo. Sababu ni nchi kavu. Rada inamulika eneo kubwa la kilomita kadhaa kwa wakati mmoja, ardhi inarudisha miale mingi kuliko maji, kwahiyo ukiwa karibu na ufukwe mwangwi wa nchi kavu unachafua mwangwi wa maji na upepo unaonekana mkali kuliko ulivyo. Vipimo vingine vinaachwa kuanzia kilomita kama 70 kutoka ufukweni, vile vilivyotengenezwa maalum kwa ajili ya pwani vinakaribia zaidi mpaka kama kilomita 20. Sasa mkondo wa Pemba upana wake ni kama kilomita 50, huku Tanga huku Pemba, kinachobaki katikati ni uchochoro, na ule wa Unguja ni mwembamba zaidi. Kwahiyo sehemu kubwa ya njia yangu haina pimo. Wengine wanajaza pale kwa rangi ya kukisia, yeye kaacha peupe. Siku hiyo niliudhika, leo namheshimu kwa hilo, lakini wewe unayetaka kulipia ujue kabla, utakuwa unasoma bahari ya mashariki ya Pemba na kukisia mkondo, sio unausoma mkondo wenyewe.

Tatizo la pili ni alasiri. Setilaiti inapita saa tatu na nusu, upepo wa pwani unapanda mchana jua likishachemsha nchi kavu, saa tisa saa kumi ndo unakuwa umekaza. Nilishaamini pimo la asubuhi la mita 6 boti ikatoka mchana ikapigwa njia nzima, gunia za juu zote zikalowa. Siku hizi kijana anaongeza picha ya setilaiti ya Wahindi, Oceansat-3 ya 2022, yenyewe inapita karibu na saa sita mchana, inasaidia ila rada yake ina mawimbi mafupi zaidi na mvua inaisumbua, mvua ikinyesha matone yanarudisha miale na yanatifua maji, unapata namba ya ajabu. Masika ndo shida hasa. Kwa siku za mvua anatumia CYGNSS, hii nimeipenda akili yake, ni setilaiti nane ndogo Marekani walizirusha Desemba 2016, hazina rada yake zenyewe, zinasikiliza mawimbi ya GPS, yaleyale ya kwenye simu yako, yakishagonga bahari na kudunda juu. Maji yakiwa laini yanadunda kwa nguvu, yakiwa yamechafuka yanasambaa. Mawimbi ya GPS yanapenya mvua vizuri, na zenyewe zinazunguka ukanda wa tropiki tu, kwetu ndo njiani kwao. Mishale haina, inatoa kasi peke yake.

Na kuna siku picha haiji kabisa, sio kosa la kijana, setilaiti haijapita juu yetu siku hiyo, mapengo yapo na huku karibu na ikweta ni makubwa kuliko kule Ulaya. Ila siku nne mfululizo mwezi wa pili alikosekana yeye mwenyewe, alikuwa msibani, pole yake, lakini hakuandika hata neno moja kwenye orodha na watu tulikuwa na mizigo barabarani. Hilo nimemwambia na nimeambiwa kuna mdogo wake anafundishwa. Sauti zake pia ni ndefu mno, dakika nne mtu niko sokoni kelele zimejaa, ningependa sentensi mbili.

Mawimbi sasa. Huku ndo nimejifunza mengi kuliko kwenye upepo.

Kuna aina nyingine ya setilaiti, yenyewe inaangalia chini wima kabisa, kama Jason-3 ya 2016 na Sentinel-6 ya 2020. Inapiga mdundo chini na kusikiliza mwangwi. Bahari ikiwa tambarare mwangwi unarudi kwa mkupuo, pa! Kukiwa na mawimbi, mdundo unagonga vilele kwanza alafu mabonde baadaye, mwangwi unarudi umechelewachelewa, unapanda taratibu, na jinsi unavyopanda taratibu ndo kimo cha wimbi. Nguvu ya mwangwi nayo inatoa upepo, ila hapa mambo yamegeuka, kwa kuwa inaangalia wima maji laini ndo yanarudisha sana na maji yaliyochafuka yanarudisha kidogo, kinyume na ile ya mshazari. Kijana akaninyooshea tochi juu ya lile beseni lake, wima, nikaona. Ubaya wake ni kwamba inapima mstari mwembamba kama uzi, na kurudi juu ya mstari uleule ni baada ya siku kama 10. Ukibahatika uzi ukapita mashariki ya Pemba siku unayopakia, shukuru.

Namba ya wimbi nayo isomwe vizuri. Wakiandika mita 2 maana yake ni wastani wa theluthi ya juu ya mawimbi, yale makubwamakubwa, kwa sababu ndo yanakaribiana na anachosema mtu mzoefu akiangalia kwa macho. Ndani ya bahari hiyohiyo wimbi moja moja linaweza kufika mara mbili yake, mita 4. Nilipomsomea nahodha akasema hao watu wamekaa baharini, wanajua.

Huyu nahodha ni mzee wa Kipemba, simpigii bila shikamoo, na yeye ndo nusu ya huduma yangu ingawa hajui. Mi nina picha, yeye ana macho. Namuuliza baba povu likoje, maana yeye hasomi namba anasoma povu, likiwa hapa na pale anatoka, likijaa bahari nzima meupe hatoki. Nikaja kusoma kwamba ofisa mmoja wa jeshi la maji la Uingereza, Francis Beaufort, mzaliwa wa Ireland, mwanzoni mwa miaka ya 1800 aliweka ngazi ya upepo kwa kuangalia meli inabeba tanga kiasi gani, na baadaye wakaongeza muonekano wa maji, povu na vilele. Noti 17 mpaka 21 ni ngazi ya 5, povu jeupe limeenea. Ndo mpaka wa mzee wangu, sawasawa kabisa, na yeye hajawahi kusikia jina la huyo mtu.

Siku moja mwezi wa nane pimo la upepo likashuka mita 5, nikafurahi nikampigia, akasema mie sitoki. Nikashangaa, baba upepo umekufa. Akasema upepo umekufa mawimbi hayajafa. Kijana nikamuuliza akanifafanulia, vikunyanzi vinakufa haraka, mawimbi makubwa yanasafiri, yale yaliyozaliwa kusini huko mbali kwenye Bahari ya Hindi yanakuja siku kadhaa baadaye kwetu bila upepo wake. Unayatambua kwa muda kati ya wimbi na wimbi, yakija kila sekunde 5 au 6 ni ya upepo wa hapahapa, yakija kila sekunde 12 na kuendelea ni wageni. Kuna maboya siku hizi yanaelea baharini hayana hata kipima upepo, yanahesabu tu yanavyotikisika, na kutoka kwenye yale mawimbi madogo ya harakaharaka wanakadiria kasi ya upepo na ulikotoka. Nililipenda hilo sana. Wimbi ni kumbukumbu ya upepo, dogo linakumbuka saa hii, kubwa linakumbuka juzi.

Na Januari nikajifunza la kaskazi. Pimo mita 7, noti 14, namba ambayo kipindi cha kusi tunaenda tunaimba. Boti ikachukua muda mrefu na watu wakatapika. Mzee akasema maji yanapanda upepo unashuka. Mkondo wa bahari, yaani maji yenyewe yanavyotembea, kwetu unaenda kaskazini mwaka mzima, kusi linausindikiza, kaskazi linaukabili uso kwa uso, wimbi linakuwa fupi na lenye ukuta. Namba ileile, bahari mbili tofauti. Hii haimo kwenye picha ya kijana, nimemuomba aongeze alama ya maji yanakoenda, kasema anaifanyia kazi.

Nani alipie? Wewe unayepeleka viazi, karoti, kabichi Pemba au Unguja kwa vyombo vidogo, kupitia Tanga, Pangani, Kipumbwi, lipia. Watu wa utalii wa Arusha wenye wageni wanaotoka porini wanaenda Zanzibar wakiwa na ratiba ya kuvua samaki na kupiga mbizi, naona inawafaa pia, wale huko nje ya visiwa pimo lipo la kutosha. Mvuvi wa ngalawa anayetoka na kurudi karibu na ufukwe haitamsaidia, kwake ni peupe. Na tahadhari za hatari zifuatwe za Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hapo hakuna mjadala. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja mpaka Mafia wao ndo walitangaza na vyombo vikasimama, na kijana mwenyewe ameandika kwenye kila picha yake kwamba tangazo la TMA likitoka picha yake iwekwe pembeni.

Nampa nyota nne kati ya tano. Ya tano nitampa sauti zikiwa fupi na mdogo wake akishaweza kushika zamu.

Wakati naandika hapa picha ya mchana imeingia. Pimo la saa 4 na dakika 5 asubuhi, mashariki ya Pemba mita 6, kusini kwake 7, mkondoni peupe kama kawaida. Mzee anasema povu hapa na pale. Fuso ina gunia 110 na dereva ameshapita Same.